Pikipiki za Herstal: kilichozinyamazisha Kongo, na namna ya kuziamsha

Nyuma ya nyumba za zamani za mashamba, katika depo za misheni na chini ya mabanda ya magari mabovu, kuna vyuma ambavyo vijana huvipita bila kuuliza jina lake. Gurudumu la mbele limezama kwenye udongo, kiti kimeliwa na panya, tangi limekuwa jekundu kwa kutu. Ukisugua ubavu wa tangi kwa kitambaa chenye mafuta, herufi mbili hujitokeza: FN. Pengine ni jina refu zaidi, Saroléa au Gillet. Mnunuzi wa vyuma chakavu, yaani feraye, akifika na mizani yake hasomi herufi. Yeye anapima kilo.

Majina hayo matatu yanatoka katika mji mmoja mdogo, Herstal, kando ya mto Meuse, karibu kabisa na Liège huko Ubelgiji. Ulikuwa mji wa mafundi wa bunduki. Saroléa ilianza mwaka 1850 kama karakana ya silaha. FN, yaani Fabrique Nationale, iliundwa mwaka 1889 kwa kazi moja: kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 aina ya Mauser. Kazi ile iliacha mashine nyingi za kukereza chuma na mikono mingi iliyozoea kupima kwa sehemu ndogo sana za milimita. Mikono hiyo haikuweza kukaa bure. Ikaenda kwenye baiskeli, na mwaka 1901 FN na Saroléa zote mbili zikatoa pikipiki. Gillet ilifuata mwaka 1919, vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha.

Asili hiyo ya bunduki si hadithi ya pembeni. Bunduki ya jeshi lazima iwe na vipuri vinavyoingiliana: kipande cha hii kiingie katika ile bila kupigwa tupa. Mafundi wa Herstal walihamishia tabia hiyo kwenye pikipiki, na zaidi ya nusu karne baadaye tabia hiyo ndiyo iliyowaokoa watu wa Kongo waliobaki na pikipiki bila duka la vipuri. Mwaka 1905 FN ilionyesha pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa kwa mstari, ambayo nguvu yake haikupelekwa nyuma kwa cheni bali kwa mhimili wa chuma. Kwa wakati ule ilikuwa maajabu. Lakini si hiyo iliyofaa kwa barabara za huku. Zilizofaa ni zile za kawaida, za silinda moja.

Kabla ya kuzifikia, inafaa kutazama tairi. Mwaka 1888 Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli, na njaa ya mpira ikaikamata Ulaya. Pikipiki za kwanza za Herstal zilipotoka mwaka 1901, nchi hii ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold wa Pili, na wanavijiji wa Équateur na kwingineko walikuwa wakilazimishwa kukusanya mpira wa msituni chini ya bunduki na kiboko. Shehena ziliteremshwa Antwerp. Kisha, kuanzia mwaka 1911, shaba ya Katanga iliyoyeyushwa Lubumbashi ilianza nayo kupelekwa Ulaya, na pikipiki ile haiwashi cheche bila nyuzi za shaba zilizosokotwa ndani ya koili yake. Kwa hiyo pikipiki ya Herstal ilipofika Matadi ndani ya kreti, si ajabu kama baadhi ya mwili wake ulikuwa unarudi nyumbani. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa na bei.

Waliopanda kwanza walikuwa maajenti wa serikali ya koloni, wamisionari na wasimamizi wa mashamba. Mkongomani wa kawaida aliijua baiskeli kwanza. Pikipiki aliijua kwa kuisukuma ilipokwama, na kwa kuifungua na kuifunga katika garaji ya Mzungu, akiwa na cheo cha msaidizi hata kama yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Viwanda navyo vilipenda sifa za safari ndefu. Gillet iliiita pikipiki yake moja «Tour du Monde» baada ya Wafaransa Robert Sexé na Henri Andrieux kuizunguka dunia mwaka 1926. FN nayo ikaipa ile ya sentimita za ujazo 350 jina la «Sahara».

Nyingi za wakati ule zilikuwa na valvu za ubavuni. Maana yake ni kwamba valvu zimesimama kando ya silinda, si juu ya kichwa chake. Moteri ya namna hiyo haina mbio, na wapenda mashindano waliicheka. Lakini ukitaka kuona pistoni unafungua boluti chache, unainua kichwa cha silinda kama mfuniko wa sufuria, na kila kitu kiko mbele ya macho. Haibani hewa sana, kwa hiyo inavumilia esanse mbovu. Huo haukuwa ubovu wa fundi aliyeichora. Aliyeichora alijua kwamba mwenye pikipiki atakuwa peke yake barabarani, na kwamba ufunguo na bisibisi chini ya kiti ndiyo garaji yote atakayokuwa nayo.

Ushahidi wa maisha hayo uko katika safari ya Waingereza wawili wanawake, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Waliondoka London mwezi Desemba 1934 wakielekea Cape Town kwa pikipiki moja ya Panther ya sentimita 600, yenye kitoroli cha kubebea mtu ubavuni na trela nyuma. Moteri iliwavunjikia jangwani kabla ya kufika Agadez, katika Niger ya leo. Wallach, aliyekuwa amesomea uhandisi, aliifungua na kuijenga upya katika mji huo usiokuwa na garaji. Kisha wakaendelea kusini, wakaivuka Kongo ya Wabelgiji, wakapita Afrika Mashariki na kufika Cape Town mwezi Julai 1935. Panther si ya Herstal, lakini somo ni lile lile: pikipiki ya miaka ile ilitengenezwa ili ifunguliwe na aliyeipanda.

Baada ya vita vya pili, mwaka 1947, FN ilitoa ile iliyojulikana kama XIII, moteri na sanduku la gia vikiwa mwili mmoja. Uma wa mbele wa zile za mwanzo haukutumia springi za chuma bali pete za mpira. Anayeikuta leo huona pete hizo zimekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, akadhani kuna kipande kilichopotea. Hakikupotea. Ni mpira uliozeeka tu.

Kisha kimya kikaanza, na hapa ndipo wengi wanakosea wakisema pikipiki hizi zilikufa kwa uzee.

Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru. Siku chache baadaye askari wa Force Publique waliasi, na Wabelgiji kwa maelfu wakaondoka kwa haraka, wengine wakiwa na sanduku moja tu. Pikipiki zilibaki. Zilirithiwa na makarani, wauguzi, walimu na makatekista, na ziliendelea kutembea, kwa sababu wale waliokuwa wakiitwa wasaidizi wa garaji walijua kazi. Lakini huko Herstal kwenyewe mambo yalikuwa yakiharibika. Mfanyakazi wa Ubelgiji alikuwa sasa anaweza kununua gari dogo. Wajapani walikuwa wameingia. Honda Super Cub ilitoka mwaka 1958, nyepesi na ya bei ndogo. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, FN, Saroléa na Gillet zote zilikuwa zimeacha kutengeneza pikipiki.

Hata hivyo kiwanda kikifungwa, vipuri hubaki madukani kwa miaka. Kwa Wazaire pigo la pili lilikuja tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitatwaliwa na kukabidhiwa wananchi. Wazo la kurudisha uchumi mikononi mwa wenye nchi lilikuwa na haki yake. Utekelezaji wake ni jambo jingine. Wengi waliopewa maduka waliyapata kwa sababu ya ukaribu na Chama, si kwa kujua biashara. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu na hawakuagiza kingine. Mgiriki au Mreno aliyejua kuandika barua ya kuagiza pete za pistoni hakuwepo tena, na fedha za kigeni zikawa adimu. Miaka michache baadaye serikali iliwaita wenye mali warudi. Wengi hawakurudi, na rafu zilikuwa tupu.

Hapo ndipo Artikle 15, ile sheria isiyoandikwa ya kujitafutia njia, ilipoingia garajini. Pikipiki tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Kaburateri ilitolewa hapa, gurudumu likatolewa pale, na kwa kuwa vipuri vya Herstal viliingiliana, kazi ilikubali. Gasketi zilikatwa kwa katoni. Pete za pistoni za gari zilisuguliwa hadi zikaenea. Iliyobaki ya mwisho ilisimama siku ilipokosa kitu kidogo: tairi, betri, kebo ya klachi. Ikaegemezwa ukutani kwa wiki moja, na wiki moja ikawa miaka arobaini. Kwa maneno mengine, nyingi hazikuvunjika. Zilisubiri kipuri ambacho hakikufika.

Tofauti hiyo ndiyo tumaini la mtu wa leo ambaye hajawahi kushika ufunguo na anaitazama FN ya babu yake. Kifaa kilichovunjika ni taabu. Kilichosimama kikisubiri ni subira.

Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kuipiga kiki siku ile ile ili aone kama itawaka. Pistoni iliyolala miaka mingi mara nyingi imeshikana na silinda kwa kutu. Mguu wenye nguvu unaweza kuvunja pete au meno ya kiki, na hizo ndizo piesi zisizopatikana. Njia ya wazee ni kutoa buji, kumimina kupitia tundu lake mchanganyiko wa oili ya moteri na mazutu, kisha kuondoka. Siku tatu. Wiki. Halafu gia kubwa inaingizwa na gurudumu la nyuma linatikiswa polepole, mbele na nyuma, bila nyundo. Siku moja linasogea unene wa kidole. Kesho yake unene wa mkono. Hakuna kelele wala moshi, lakini aliyekuwa ameshika gurudumu hilo hujua kwamba kazi imekubali.

Kufungua kuna adabu yake. Kila upande hupigwa picha kwa simu kabla boluti moja haijaguswa, na boluti za kila sehemu hukaa katika kopo lake lenye jina. Jambo hili linaonekana la kitoto mpaka mwezi wa pili, sakafu inapokuwa na nati mia mbili. Za Herstal hupimwa kwa milimita, kwa hiyo funguo za fundi wa TVS au Boxer wa barabarani husaidia. Aliyekuta pikipiki ya Kiingereza ya miaka ile ajihadhari: nati zake ni za kipimo kingine, ufunguo wa milimita hukaa karibu tu, na karibu hiyo ndiyo inayokula pembe za nati.

Tangi ni kazi ya jioni kadhaa. Kokoto safi au kipande cha cheni hutiwa ndani pamoja na siki, linatikiswa, linalazwa, linatikiswa tena. Kutu ikitoka, tangi huoshwa kwa maji yenye bikabonati ili ukali wa siki ufe, hukaushwa juani siku hiyo hiyo na kupakwa oili ndani, la sivyo kutu hurudi kabla ya asubuhi. Kaburateri huwa imejaa gundi ya kahawia, mabaki ya esanse ya zamani. Vitundu vyake vya shaba nyeupe havichokolewi kwa waya wa chuma. Waya huvipanua, na moteri itakunywa esanse kama mlevi maisha yake yote. Unywele wa nailoni na pumzi hutosha.

Breki zina hatari ambayo babu hakuambiwa. Bitana zake za zamani ziliwekwa amianti, na vumbi lake huumiza mapafu baada ya miaka mingi. Ngoma ya breki haipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Hulowanishwa kwa maji ya sabuni, hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hicho hufukiwa.

Kuhusu cheche, zilizotengenezwa kabla ya vita nyingi zina magneto, kijitambo kinachozalisha umeme bila betri. Mara nyingi hakihitaji zaidi ya kusafishwa ncha zake na kukaushwa, maana unyevu ndio adui wake. Kwenye usukani kuna kikono kidogo ambacho dereva wa leo hakijui: huchelewesha cheche wakati wa kuwasha. Asiyekirudisha nyuma kabla ya kupiga kiki, kiki humrudishia teke, na teke hilo limevunja miguu. Nyingine hubadilisha gia kwa mkono, kwa fimbo iliyo ubavuni mwa tangi. Motari mwenye miaka kumi barabarani akiipanda kwa mara ya kwanza huwa mwanafunzi tena, jambo ambalo watoto wa mtaa hulifurahia sana.

Mtu atauliza kwa nini ajisumbue, ikiwa Boxer mpya huanza kwa kidole kimoja na kubeba watu watatu na gunia la makala. Kwa biashara, asijisumbue. FN ya mwaka 1947 haitamshinda mtu yeyote kwenye barabara ya sokoni. Lakini Uingereza waliofikiri mapema waliliona jambo hili tangu mwaka 1946, pale Titch Allen na wenzake walipoanzisha Vintage Motor Cycle Club ili kuziokoa pikipiki ambazo wakati ule zilionekana takataka tu. Zilizokuwa takataka leo ziko katika makumbusho na minada. Ubelgiji pia wapo wanaotunza vitabu vya maelekezo vya Herstal, na ukurasa wa kitabu kama hicho hufika kwenye simu kwa dakika moja. Wasichonacho ni upande wa huku wa historia: nani alizipanda baada ya 1960, nani alizifufua kwa katoni na pete za gari. Hayo yamo ndani ya chuma chenyewe.

Kwa sababu hiyo rangi ndiyo hatari kubwa ya mwisho. Anayeanza akishasikia moteri ikinguruma hutaka pikipiki ing'ae, na siku moja ya msasa na rangi ya dawa hufuta kila kitu: herufi za dhahabu za kiwanda, jina la misheni lililoandikwa kwa brashi kwenye tope la nyuma, namba ya zamani ya jimbo, kiraka kilichochomelewa na fundi ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Rangi mpya hupakwa wakati wowote. Ile ya kwanza ikiondoka haipakwi tena na mtu. Mafuta ya kitani yakipakwa juu ya rangi ya zamani huizuia kutu isiendelee na kuyaacha maandishi mahali pake.

Na kama familia imekwisha kuamua kuuza kwa kilo, kazi moja hubaki, ya nusu saa. Kwenye mwili wa moteri, chini ya silinda, kuna namba iliyogongwa kwa chuma. Nyingine iko kwenye fremu, mara nyingi karibu na shingo ya usukani. Brashi ya waya na petroli, ile ya taa, huzitoa nje. Namba hizo, pamoja na jina la aliyeipanda wa mwisho na njia aliyokuwa akiipita, ziandikwe kwenye daftari kabla mzani haujafika.